Vikohozi vya Uzi Mweupe

Bi Tumu alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi ya pili, alasiri imeshaadhiniwa na jua limeanza kuingia ukumbini kwa upande, mtu alipokohoa mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe, kama milango mingi ya Likoni inavyokuwa saa hizo. Alivuta leso akajifunika kichwa, akaikunja miguu vizuri, akajibu, "Karibu."

Kwa watu wa pale hilo si jambo la kufikiriwa. Mwanamume mwenye adabu haingii nyumba ya watu kimyakimya. Husimama kando ya mlango akakohoa, ili wanawake waliomo ndani wapate kujisitiri. Anayekohoa hujibiwa, asiyejibiwa huenda zake, na asiyejibu husemwa mtaa mzima. Tumu alikuwa akivijibu vikohozi vya mlangoni tangu yungali kigoli, na ulimi wake ulikuwa umezoea kujibu kabla akili haijauliza ni nani.

Hakuingia mtu. Kiliingia kikohozi peke yake. Kilipita ukumbini, kikalizunguka sinia la nazi, kikaenda kukaa kwenye kiti cha kamba kilichoegemea ukuta, kisha kikakohoa tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuja bila taarifa. Tumu alikitambua. Kilikuwa cha Dishon, mpangaji wao wa chumba cha nyuma. Kilianza kwa mbali, kikapanda, kikaishia kwa mluzi mwembamba. Alikuwa amekisikia kupitia ukutani siku zote zile Dishon alizougulia nyumbani.

"Mwenyewe yu wapi?" aliuliza.

Kikohozi kilikohoa. Tumu aliona si vizuri kumhoji mgeni ambaye ndiyo kwanza ametoka kwa wagonjwa. Aliinuka akakiletea maji katika kikombe, akayaweka karibu na mguu wa kiti, akarudi kwenye nazi yake.

Homa yenyewe watu waliiita homa ya meli, kwa sababu ilishuka Kilindini pamoja na abiria, katikati ya mwaka wa 1957, ikapanda feri pamoja na watu wengine wote waliokuwa wakirudi kwao. Haikupita muda Likoni nzima ikawa inakohoa, toka kivukoni mpaka Mtongwe. Mwinyihaji, mume wa Tumu, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya Shelly, na aliipata huko, kwa mgeni aliyerudisha bakuli la supu jikoni baada ya kulipigia chafya. Dishon alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa bara, kijana mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Yeye aliipata kazini. Walizidiwa siku moja, wakachukuliwa uwanja wa mpira siku moja.

Uwanjani palikuwa pamepigwa mahema mawili makubwa. Daktari mmoja kutoka ng'ambo alikuwa ameleta dawa ambayo bado haijapewa jina, na alitaka kuona kama inafaa. Kila mgonjwa alifungwa uzi mkononi kadiri alivyofika katika foleni. Wa kwanza uzi mweupe, anayemfuata uzi wa buluu, kisha mweupe tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Fundo lilibanwa kwa kipande kidogo cha madini ya risasi kama kile cha magunia ya bandarini, lisiweze kufunguliwa. Wa uzi mweupe walilala hema la mashariki, wa buluu hema la magharibi. Dishon alikuwa nyuma ya Mwinyihaji kwenye foleni. Mwinyihaji alipomwona kijana anayumba, akashuka nyuma yake. "Pita, mwanangu," alimwambia. "Sote twaenda huko huko." Dishon akapita, akafungwa uzi mweupe, na Mwinyihaji akafungwa wa buluu.

Kila siku baada ya adhuhuri, dresa, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Nzai alipita na chupa yake, akamimina kikombe kimoja kwa kila mtu. Dawa ilikuwa ya rangi ya udongo katika mahema yote mawili, na chungu katika yote mawili. Wagonjwa waliambiwa kwamba watatunzwa sawasawa, na kwamba kwa kulala pale wanaisaidia dunia nzima. Wengi walikuwa hawajawahi kuombwa msaada na dunia nzima, wakaona hapana neno.

Jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Uwanja ulizungushiwa kamba ya katani, na wanawake walisimama nje yake asubuhi na mabakuli ya uji, wakayapokeza, wakaangaliana na watu wao kwa mbali, wakarudi makwao.

Tumu alirudi kwenye nyumba yenye vyumba vitano na mtu mmoja. Binti yao wa pekee, Johari, alikuwa ameolewa Tanga na alikuja mara moja kwa mwaka, akijaliwa. Jioni Tumu alipika wali wa watu wawili kwa mazoea, akala wa mtu mmoja, uliobaki akakaa akiuangalia. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya wala zuri. Majirani nao walikuwa na wagonjwa wao, na waliosalia wazima waliogopa kukaa barazani kwa mwenzao. Ungeweza kupiga kelele ndani ya nyumba ile na asisikie mtu ila mbuzi wa jirani.

Basi kikohozi cha Dishon kilipoingia, ukweli ni kwamba Tumu alifurahi.

Asubuhi yake alimkuta Dishon ng'ambo ya kamba, amekaa juani, anakula muhogo wa kuchemsha. Hakukohoa hata mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kikohozi chako kiko nyumbani."

Dishon aliacha kutafuna. "Kumbe kilienda huko? Mimi nilisikia tu kimetoka jana, nikinywa ile dawa. Sikujua kimeenda wapi. Pole sana, mama. Kinasumbua?"

"Hakisumbui. Kimekaa kiti cha kamba. Kina adabu kukushinda wewe, wewe waingia hujabisha."

Dishon alicheka, kisha akasema kwa wasiwasi, "Lakini usikifukuze, tafadhali. Kisije kikarudi."

"Mgeni niliyemkaribisha nitamfukuzaje?" Tumu alimjibu.

Mwinyihaji alikuja kwenye kamba akitembea polepole, amejifunga shuka mpaka mabegani. Alikuwa amekonda shingo. Alikaa chini mchangani kwa kuwa kusimama kulimchosha, na Tumu naye akachutama upande wake wa kamba, wakawa wanatazamana kama watu wanaouziana mchicha sokoni. Mwinyihaji alikohoa, na kikohozi kilibaki ndani yake, chini kabisa, kinachimba.

"Dawa wanywa?" Tumu aliuliza.

"Nanywa yote. Chungu kama ya wenzangu."

"Basi kikikutoka usikizuie. Nitakaa karibu na mlango."

Mwinyihaji alitikisa kichwa kukubali. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuingia nyumbani kwake mwenyewe bila kukohoa mlangoni, mara mbili, fupi fupi, ya pili juu kidogo kuliko ya kwanza. Tumu hakuhitaji kuelezwa atakisikiaje.

Siku ile ile alasiri vikaja vingine. Pengine vikohozi huambiana, kwamba iko nyumba Likoni ambako ukibisha wajibiwa. Kilikuja cha mvuvi mmoja wa Timbwani, kinene, kina chumvi. Kikaja cha Bi Mwidani, mshona mikoba, ambacho hakikuonekana kupenda kukaa na wanaume, Tumu akakipeleka chumba cha ndani. Vikaja vya makuli, cha mwalimu wa chuoni, afundishaye watoto Kurani, cha mama wa Kibara aliyeitwa Rispa ambacho kilikuwa kidogo na cha haraka. Kila kimoja kilisimama mlangoni, kikakohoa, kikajibiwa karibu, kikaingia. Viti vilipokwisha Tumu alitandika mikeka. Jioni vilikohoa kwa zamu, kwa sauti za chini, naye akakaa kati yavyo akichambua mchele, na mara nyingine akavisimulia habari za Johari na wajukuu. Havikumkatiza. Tangu mumewe augue hakuwahi kuwa na watu wengi hivyo wa kumsikiliza.

Kigoda cha Mwinyihaji alikiweka kando ya mlango, akaviambia vikohozi visikikalie, navyo havikukikalia.

Alingoja. Akiparua samaki magamba alitega sikio, akisali alitega sikio na akaomba msamaha kwa kutega. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Kila asubuhi kwenye kamba aliwauliza wanawake wenzake habari za watu wao, na alipojumlisha aliyoyasikia na vilivyokuwa nyumbani kwake, aliona jambo ambalo angetamani asilione. Wote aliokuwa akiwahifadhia vikohozi walikuwa na uzi mweupe. Kutoka hema la magharibi hakikuwa kimefika hata kimoja. Huko watu wengine walipona wenyewe, kikohozi kikawaishia kifuani, na wengine walitolewa asubuhi wamefunikwa uso.

Habari za nyumba yake zilimfikia daktari, akaja mwenyewe, pamoja na Nzai wa kumfasiria. Daktari aliingia bila kukohoa. Nzai, nyuma yake, akakohoa kwa niaba yake. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisalimia, akatoa mpira wake wa kusikilizia, akapita kiti kwa kiti na mkeka kwa mkeka, akainama, akasikiliza. Hakushangaa. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayekuta mizigo yake yote imefika salama. Kisha akauliza swali moja.

"Auliza kama kuna chochote cha uzi wa buluu," Nzai alisema.

"Hapana hata kimoja."

Daktari alipofasiriwa alimshika Tumu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asema ahsante sana. Asema hujui ulivyomsaidia. Dawa yafanya kazi."

"Mwambie basi awape na wa buluu."

Wawili wale walizungumza kwa muda. Nzai aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa akiitazama mikeka. "Asema bado, mamangu. Wale wa buluu wapewa sharubati ya rangi ile ile, imetiwa shubiri iwe chungu. Lazima wawepo. Wakipewa dawa wote, hatakuwa na wa kuwalinganisha nao."

"Lakini sasa ajua. Si nimemwambia?"

"Asema yeye ajua. Ila wakubwa wake kwao wataka vikohozi vingi zaidi ya hivi."

"Mume wangu yumo hema lile. Mwinyihaji, mpishi."

Nzai alifasiri. Daktari aliweka mkono kifuani, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. "Asema asikitika," Nzai alisema. "Asema hajui mumeo ni yupi, na kazi hii yataka asijue."

Daktari aliinama tena mbele ya kiti cha kamba, akasikiliza mluzi wa kikohozi cha Dishon mara ya mwisho, akatabasamu, akaondoka.

Asubuhi Tumu alimwambia Dishon yote, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Dishon alisikiliza huku akiuzungusha uzi mweupe mkononi. Ramadhani iliyopita, na ile ya kabla yake, Mwinyihaji alikuwa akimgongea mlango wa chumba chake wakati wa kufuturu na kumketisha kwenye sinia, wakala mkono kwa mkono, na Dishon si Mwislamu na hakufunga hata siku moja.

"Mzee hakuniuliza kama nimefunga," alisema Dishon.

Adhuhuri ile, Nzai alipommiminia dawa, alipiga funda moja, na iliyosalia akaimimina katika kifuu cha nazi alichokificha chini ya shuka. Akaenda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mahema yote mawili yalitumia bomba moja. Mwinyihaji alikuwa akimngoja. Dishon alimwambia kwamba hema lao hupewa dawa nyingi mpaka hubaki. Nzai aliwaona, akageuka akaanza kuifuta chupa ambayo ilikuwa safi.

Alasiri ile Tumu alisikia kikohozi cha mumewe mlangoni.

Aliangusha upawa. Alisema "Karibu" kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu, akatoka jikoni mbio, mwanamke mtu mzima, leso inaburuzika. Lakini kilikuwa kimekohoa mara moja tu. Ile ya kwanza, fupi. Ya pili haikuja. Kilikuwa kimesimama nje ya kizingiti, nusu, na nusu haiwezi kuingia kwa kuwa haijamaliza kubisha. Tumu alikiambia karibu tena na tena. Mwishowe alileta kigoda karibu zaidi na kizingiti, akakaa chini kando yake, akakiambia, "Haya, hata hapo ni karibu. Kesho utamaliza."

Vikohozi vingine vilinyamaza kwa heshima. Kimoja tu kilikuwa na wasiwasi. Kile cha Dishon kiliinuka kwenye kiti cha kamba, kikaenda mpaka mlangoni, kikasita, kikarudi kukaa.

Kesho yake Mwinyihaji alikuja kwenye kamba akiwa amesimama. Macho yalikuwa na nuru. Aliuliza kama bado kuna samaki wa kupaka duniani, na Tumu alikimbia kwenda kuwatengeneza. Na alasiri ya siku hiyo kikohozi cha Dishon kiliinuka tena, na mara hii hakikusita. Kilikipita kile cha nusu hapo kizingitini, kikashika njia ya uwanjani. Tumu alikisikiliza kikienda, mluzi wake ukipungua, mpaka ukapotelea kwenye minazi.

Alijua kinakokwenda. Kulipopambazuka alimkuta Dishon amejikunja karibu na kamba, anakohoa kwenye kiganja.

"Ni vumbi tu, mama," alisema.

Tumu alimpa uji na hakusema kitu. Siku iliyofuata pia hakusema. Hakuwa amekosa maneno. Alinyamaza kwa kuwa alimtaka mumewe, alimtaka zaidi ya alivyowahi kutaka kitu chochote, na alijua kwamba akifumbua mdomo atamkosa. Alijiambia kwamba Dishon ni kijana na vijana wana mapafu. Alijiambia kwamba hakumtuma. Jioni alikaa kizingitini na kile cha nusu, akakiomba kimalize, na nyuma yake kiti cha kamba kilikuwa kitupu, asiweze kukitazama.

Halafu asubuhi moja Dishon hakuweza kuinuka ili apokee bakuli. Alilala upande wake wa kamba, midomo imepauka, akamwita Tumu asogee. "Mama, ukipata mtu anaenda Butere," alisema, "amwambie mama yangu nilipona. Wewe si uliona? Siku ile nilikuwa nimepona."

"Niliona, mwanangu," alisema Tumu.

Alinyanyuka, akaenda upande wa pili wa uwanja, akamwita Mwinyihaji. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mkaa umekwisha.

"Kikohozi cha Dishon kimeondoka nyumbani. Kimerudi kwake."

Mwinyihaji alikuwa akila. Aliacha. "Tangu lini?"

"Tangu umeanza kupata nafuu."

"Aliniambia dawa yabaki."

"Haibaki."

Mwinyihaji aliliweka bakuli mchangani. "Mbona hukunambia?"

"Nalitaka upone," alisema Tumu, na hapo ndipo alipolia, wazi, mbele ya wanawake wote wa kamba, bila kujifunika uso.

Mwinyihaji alipitisha mkono chini ya kamba, akamshika kidole kimoja, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. "Najua," alisema. "Nenda nyumbani sasa, Tumu. Nenda ukapike." Adhuhuri ile Dishon alijikokota mpaka kwenye tangi na kifuu chake, kama kila siku. Mwinyihaji alikipokea, akamshika kijana kisogoni kama anavyoshikwa mtoto mkaidi, akamnywesha yote, na hakuja tena nyuma ya tangi.

Mwinyihaji alikufa Alhamisi, akazikwa kabla ya sala ya Ijumaa. Uzi wa buluu ulikatwa kwa mkasi, ukarudishwa kwa daktari, kwa kuwa nyuzi zilihesabiwa.

Siku chache baada ya kuzika, alasiri, kikohozi cha Dishon kilisimama mlangoni. Kilikohoa kikamilifu, mwanzo wake, kupanda kwake, na mluzi. Tumu alikuwa amekaa ukumbini. Hakujibu. Alikichukia. Alikichukia kwa moyo wake wote, na alikaa akikichukia huku kikimngoja pale nje, kando ya ile nusu isiyoweza kumaliza. Kikakohoa tena, kwa adabu. Kurudishwa mlangoni mwa mtu ni kurudishwa mahali ulikotoka, na alijua kilikotoka, kifuani mwa Dishon.

"Karibu," alisema. Kikapita, kikakaa kwenye kiti chake.

Mahema yalikunjwa mvua za vuli zilipoanza. Daktari alisimama juu ya kreti uwanjani akawashukuru watu wa Likoni, na Nzai akafasiri kwamba dawa imethibitika, na kwamba watu wengi ulimwenguni watawaombea dua bila kuwajua. Mwalimu wa chuoni aliuliza itakuja lini hapa. Ilijibiwa kwamba itakuja. Makreti ya dawa iliyobaki yalipelekwa kivukoni, yakavuka, yakapakiwa melini, ila mawili yaliyopelekwa hoteli za pwani ya Shelly, kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umekaribia. Homa iliporudi mwaka uliofuata, watu wa Likoni walipewa aspirini na wakaambiwa wafungue madirisha.

Dishon alirudi chumbani kwake. Jioni alikaa ukumbini na Tumu, kikohozi chake upande mmoja na yeye upande wa pili, wasitazamane. Alijaribu kumfanyia kazi: alichota maji, akapasua kuni, akaezeka upya makuti ya jikoni. Alipopewa chumba katika nyumba za makuli huko Changamwe alikuja kuaga, akasimama muda mrefu mbele ya kizingiti, akaruka hatua kubwa ili asiikanyage ile nusu. Alikuja Krismasi mbili tatu na sukari, kisha hakuja. Wenye vikohozi wengine hawakuja kabisa. Mtu aliyepona hana haja ya kwenda kukitazama alichopona.

Tumu alizeeka navyo. Alizoea kuamka asubuhi na kukuta nyumba imejaa na hakuna wa kumwita kwa jina lake. Johari alipomtaka ahamie Tanga alisema hawezi kuacha wageni.

Mwaka ule ambao Uhuru ulikuwa ukikaribia na mafundi cherehani wa mjini wakishona bendera mpya, ikaja homa nyingine. Akaja na daktari mwingine, kijana, Mwafrika mwenzetu, aitwaye Kefa. Huyu alikohoa mlangoni. Alingoja ajibiwe, akavua viatu, akasema shikamoo.

"Nyumba hii inajulikana mbali sana, mama," alisema. "Sisi tumefundishwa habari zake darasani. Tunaomba utusaidie tena."

Alikuwa ameleta mabenchi mapya kwenye lori, mazuri, ya mbao ngumu, ili vikohozi visikae mikekani. Safari hii nyuzi zilikuwa nyekundu na za kijani. Tumu aliuliza ile dawa ya kwanza iko wapi, mbona wasipewe hiyo. Kefa alisema ilikwenda kule ilikohitajika.

"Hapa ilihitajika."

"Ndiyo, mama," alisema Kefa.

"Na hii ikifaa?"

Kefa alijaribu benchi moja kwa mkono kuona kama linatikisika. Halikutikisika. "Inshallah itakuja," alisema, ingawa hakuwa Mwislamu.

"Na wale ambao vyao havitakuja hapa?"

"Hao ndio wanaotusaidia kuliko wote, mama. Bila wao hatujui lolote."

Tumu alivipokea, kwa kuwa vilibisha. Mabenchi yalianza kujaa. Lakini asubuhi alikuwa hakai nyumbani. Alifunga leso, akachukua bakuli la uji ambalo halikuwa la mgonjwa wake yeyote, akaenda uwanjani. Kamba ilikuwa mpya, wanawake walikuwa wengine, wasichana wengi ambao hakuwahi kuwaona. Wao walimjua. Alipofika walimpisha, na mazungumzo yakapungua.

Msichana mmoja aliyeolewa juzi tu, Kafedha, hina bado haijamtoka kuchani, alimshika mkono. Mumewe Karisa alikuwa amekaa mchangani ng'ambo ya pili, amejifunga blanketi, akijitahidi kutokohoa mbele ya mkewe.

"Bi Tumu," Kafedha alisema kwa sauti ndogo, "cha Karisa hakijafika kwako?"

Tumu aliutazama mkono wa Karisa, akaona rangi ya uzi. Vyote vilivyokuwa vimekaa kwenye mabenchi vilikuwa vya rangi nyingine.

"Bado, mwanangu," alisema, akasogea kando, Kafedha apate mahali pazuri pa kusimama ambapo Karisa ataweza kumwona.